Vipande Vitatu vya Namba ya Siri

Wanachama wenzangu, kiti nimekataa. Mtu mwenye aibu kama yangu aongee amesimama.

Mnajua namba ya siri ya akaunti yetu ya mazishi tuliigawa watatu, ndio pesa ya kusafirisha maiti nyumbani isiliwe na mtu mmoja. Mimi kipande, jirani yangu wa Kisumu Ndogo kipande, na mama mmoja wa Kawangware kipande. Barua za benki zikawa zinaingia kwa simu yangu, kwa sababu ilikuwa kubwa. Mtoto wangu ndiye aliniachia, hata kuizima nimejua juzi. Lakini hiyo tuiache.

Siku moja barua pepe ikaingia, alama ya benki juu kabisa. "Mpendwa mteja, akaunti yako itafungwa leo jioni. Bonyeza hapa uweke namba ya siri." Ndugu zangu, nawaambia, nilisoma kwa kidole, jasho linanitoka. Nikaona kwa mawazo mwenzetu amelala mochari na hatuna gari la kumpeleka. Jirani akanipa kipande chake bila swali. Yule mama akakataa kwa simu, basi nikamfuata mpaka kibanda chake cha mitumba, ule upande wa Riruta.

Akaniuliza, "Mzee, benki inajua jina la chama. Mbona inatuita mteja tu? Na inatakia nini namba tuliyofichana sisi wenyewe?"

Mimi na mvi zangu nikamwambia, mbele ya wateja wake, "Wewe ni adui wa wafu." Akanipa kipande chake, machozi yanamtoka.

Nikaunganisha vipande vitatu, nikabonyeza. Chai aliyonipa nilipofika haikuwa imepoa, ujumbe ukaingia kwamba pesa inatoka. Yeye ndiye alipigia benki, kwa namba yao ya kweli, si ile ya kwenye barua. Wakafunga akaunti. Nusu ilikuwa imeenda. Mimi nimekaa tu juu ya robota la nguo.

Nikawakimbia nyinyi wote. Ni yeye tena alikuja kunigongea mlango. "Mzee, njoo useme mwenyewe." Pesa mlijua. Jina nililomwita hakuwaambia. Leo nimewaambia mimi.

Mama, asante. Nanyi mlionirudisha, asanteni. Barua ikikuharakisha na inataka siri yako, iache, nenda benki kwa miguu.

Kipande changu mpeni mwingine. Na nikifa, kama kilichobaki kitatosha, nipelekeni nyumbani.