Mistari Minne Aliyoiacha Mpoza Umeme

Ndugu waombolezaji, naisoma historia hii kwa niaba ya familia, mimi mwanawe wa kwanza, kinyozi, na nawaomba mnivumilie nikikwama, kwani marehemu aliiandika mwenyewe kwa mkono wa kushoto, akaacha mistari minne mitupu, akaniagiza niijaze mimi.

Baba alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu wa seremala, akasoma shule ya msingi mwaka 1959 hadi 1966, kisha chuo cha ufundi, na tarehe 3 Januari 1972 akaajiriwa katika kituo cha kupozea umeme, kazi iliyompa jina la Mpoza. Watoto wote wa mtaa huu aliwaeleza, wapende wasipende, kwamba umeme ukitoka kwenye mitambo huongezwa nguvu ili usipotee njiani, husafiri juu ya minara ya chuma, hupozwa kituoni, yaani hupunguzwa nguvu, hupozwa tena na transfoma ile ya pale kona, ndipo uingie ndani ukiwa mpole wa kuwasha taa na kupiga pasi.

Alifunga ndoa na mama tarehe 18 Desemba 1976, wakajaliwa watoto wanne, mabinti watatu na mimi, na mwaka 1990 alihamishiwa kikosi cha dharura.

Sasa ile mistari minne. Jumamosi ya tarehe 9 Agosti 2008, saa tano asubuhi, umeme ulizimwa ili baba apande nguzo ya transfoma, nami saluni nilikuwa na bwana harusi aliyenyolewa upande mmoja, roho juu, nikachomeka jenereta kwenye soketi ya ukutani bila kuzima swichi kuu, jambo ambalo baba alinikanya tangu siku niliyoinunua, umeme wangu ukatoka nje hadi kwenye transfoma, na transfoma ikiingiziwa umeme kinyume haipozi, inaongeza ukali, ukamkuta baba ameshika waya aliokwisha kuupima na kuukuta umezimika. Mkono wake wa kulia ulikatwa. Ikasemwa mwenzake wa zamu ndiye aliyewasha kabla ya wakati, akafukuzwa kazi, nami nikanyamaza miaka karibu kumi na moja, nikawa namnyoa mwenzake huyo bure kila mwezi, nikijidanganya kwamba tumemalizana. Baba alikuwa ameisikia jenereta, akaona haya kunitaja, akaniuliza mara moja tu nitasema lini.

Figo zake zilianza kushindwa mwaka 2016, akafariki Jumapili, tarehe 2 Juni 2019, saa kumi jioni.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mlioleta viti na maji, na wafanyakazi wenzake wote. Na wewe mwenzake wa zamu, uliyeketi safu ya nyuma, uliyelibeba jeneza leo asubuhi, hukukosa lolote, ni mimi, nalisema mbele ya mama na dada zangu, wanaolisikia sasa hivi kama ninyi, na naona aibu hata kukuita baba mdogo kama nilivyozoea, barua kwa mwajiri wenu nimeiandika na kuitia sahihi.

Baba, mistari minne haikutosha, imenibidi niandike hadi nyuma ya karatasi. Pumzika kwa amani.