Kamera Inayojua Yenyewe

Ukuta wa duka la Issack pale Garsen ulitoa kivuli mpaka saa tano, na kivuli kikiisha, mazungumzo nayo yaliisha, hata kama mtu yuko katikati ya neno. Hapo palikuwa na ubao wa kukalia, birika la Uledi la kahawa chungu, na wapiga picha wawili wakisubiri wateja. Mmoja alikuwa Bule wa kamera ya mkono, aliyepachikwa jina la Kumi-na-Sita, maana ukimuuliza kamera huwekwa namba ngapi kwenye jua kali, alikujibu hivyo kabla hujamaliza kuuliza. Wa pili alikuwa Jarso, au Bonyeza, kijana wa kamera ya otomatiki iliyojipimia mwanga, ikajizungushia filamu na hata kuandika tarehe. Mwaka huo wa 1999 Bule hakuwa amepata hata arusi moja. Zote zilimwendea Jarso. Na asubuhi hiyo Mama Hawa, fundi wa cherehani, alikuwa apite kuchagua nani atapiga picha za arusi ya bintiye Hawa Jumamosi. Bule aliitaka arusi hiyo mpaka kahawa ikawa haimshuki. Tangu saa mbili alikuwa akimpiga picha kila aliyeketi au kupita, bure kabisa, ili mama wa watu aikute kamera kazini.

— Mzee Bule, Jarso akaanza, ukimaliza kupima mwanga kwa kiganja, bibi arusi atakuwa ameshazaa.

— Na wewe ukibonyeza, Bule akamjibu, unatoa kanzu ishirini bila nyuso. Ile arusi ya kule Idsowe, bwana arusi alijitambua kwa viatu.

— Jua lilikuwa baya siku hiyo!

— Jua ni hili hili la Garsen. Kamera yako ndiyo mgeni.

Hapo akaingia Gure, dalali wa ng'ombe, anayeitwa Rada kwa kuwa habari humfikia kabla hazijatokea.

— Waryaa, jamani, nyote mnakosea. Hiyo otomatiki imetengenezwa nchi ya barafu. Ikiona kanzu nyeupe inadhani ni theluji, inafumba jicho. Si kosa lake, ni malezi.

— Kumbe! Uledi akasema huku akimimina. Ndiyo maana kwenye picha yangu ya Idi nilitoka mdomo wazi?

— Wewe ulikuwa unakula, Uledi.

— Sawa, Jarso akasema, na hii ya mkono je? Mzee akigombana na mkewe, picha za wiki nzima zinatoka giza.

Bule akacheka pamoja nao, kwa kuwa wiki hiyo ilikuwako kweli.

— Na bado, Gure akaendelea, sasa amesimama. Tukiingia mwaka wa elfu mbili, kila mashine inayofikiri yenyewe inasahau mwaka. Wallahi nimesikia redioni! Picha zako, Jarso, zitaandikwa 1900. Hawa ataonekana ameolewa kabla nyanya yake hajazaliwa.

— Arusi ni Jumamosi hii, Rada!

— Na picha zikichelewa kusafishwa kule Malindi mpaka Januari?

— Tarehe inaandikwa siku ya kupiga, bana!

— Hivyo ndivyo inavyokudanganya. Muulize Galma mfugaji. Fahali wake alipigwa picha na otomatiki mara moja tu. Mpaka leo anafuata kila anayepita. Hawezi tena kujiamulia.

Bule akainua kamera, akampiga picha Gure akiwa bado amenyoosha kidole, kisha akavuta kiwiko cha kuzungushia filamu. Alikuwa amemwona Mama Hawa akivuka barabara, futi ya kupimia nguo shingoni, kwa hiyo akapaza sauti.

— Hiyo ya thelathini na nane! Filamu ya picha thelathini na sita, mimi inanipa thelathini na nane na bado inakwenda. Mkono wa mtu una baraka yake!

Mama Hawa akasalimia, akakataa kukaa, akakataa kahawa. Macho yake yalikuwa kwenye kamera.

— Mzee Bule, hebu vuta tena hicho kiwiko.

Bule akavuta kwa madaha.

— Mimi nikishona, rili ya uzi pale juu ya cherehani inazunguka. Isipozunguka najua nashona bila uzi. Sasa hicho kifundo chako cha kushoto, si ndipo filamu inapotokea?

— Ndipo, mama.

— Mbona hakizunguki?

Bule akavuta mara nyingine. Kifundo kimetulia tuli. Angeweza kusema ndivyo kilivyoumbwa, na pale ubaoni hapakuwa na mtu wa kumbishia. Jarso mwenyewe alikuwa akingoja kuelezwa. Lakini mama huyu angesimama mbele ya watu Jumamosi akiamini kwamba arusi ya mwanawe inahifadhiwa.

— Hakizunguki kwa sababu filamu haijashika, akasema. Niliiingiza kwa haraka. Tangu saa mbili, Mama Hawa, napiga hewa.

Kijiwe kikalipuka. Gure akaidai picha yake kama mtu aliyeibiwa, na Jarso akacheka mpaka kahawa ikamwagikia suruali. Bule akainama, masikio yakiwaka, akihesabu kwamba arusi imekwenda.

Mama Hawa hakucheka. Alimgeukia Jarso.

— Na yako ikikosa kushika, wewe utaona wapi?

Jarso akaigeuza kamera. Akatazama juu, chini, ubavuni. Laini kote, hakuna kifundo wala kiwiko.

— Hii… hii inajua yenyewe, mama.

— Nimekuuliza wewe.

Mama Hawa akamrudia Bule.

— Jumamosi saa mbili asubuhi. Na hiyo filamu utaiingiza mbele yangu.

Bule akaitikia haraka asije mama akabadili nia, na furaha aliyokuwa nayo hakujaribu kuificha.