Kikombe cha Orville Tveit

Sajini Orville Tveit alizaliwa tarehe 9 Machi 1938, shambani kwa wazazi wake nje ya mji huu wa Haldis, Dakota Kaskazini. Alisoma hapahapa, akamaliza mwaka 1956, akaingia jeshi la anga, akawa mtu wa rada. Mwaka 1960 alimwoa Ardis Lunde, wakajaliwa mtoto mmoja, Marlys, anayewasomea wasifu huu.

Tarehe 14 Oktoba 1966, saa kumi jioni, rada ilimwonyesha kitu angani kikienda kasi kuliko ndege yoyote. Akaandika alichokiona. Wakubwa wakamwambia afute, akakataa. Januari wakamfukuza kwa ulevi. Ulevi! Mtu ambaye hata bia hakuwahi kuonja!

Alifagia ghala la nafaka miaka thelathini na moja, vumbi likamla mapafu. Na ninyi mliamini kuwa ni mlevi. Mkahawani Delmer Hauge alizoea kumchokoza: "Wee Orville, wageni wako wa angani siku hizi wanakunywa nini?"

"Kahawa, Delmer. Kama mimi."

Mkacheka. Hata humu kanisani, kwenye Chakula cha Bwana, wenzake walipewa divai, yeye mkampa juisi ya zabibu, eti mnamsaidia mlevi. Alikunywa, akarudi kitini. Marlys naye hana pa kujificha. Akiwa na miaka kumi na minne alimwuliza, "Baba, niambie ukweli, siku ile ulikuwa umelewa?" Orville alichukua kalamu na karatasi. Alikaa mezani akaiandikia serikali, akiomba faili lake. Tangu mwaka huo, 1975, aliandika kila Oktoba, barua hamsini. Jibu likawa lilelile: hakuna faili kama hilo.

Alifariki nyumbani tarehe 2 Mei 2025, kwa maradhi ya mapafu. Siku nne baadaye serikali, iliyochoshwa na kelele za wananchi wanaotaka kujua mambo ya angani, ikafungua mafaili yake. La Orville lilikuwamo. Kurasa tisa, nane zimepakwa wino mweusi. Ya tisa inasomeka: "Rada haikuwa na hitilafu. Sajini hakuwa amelewa. Aondolewe kwa ulevi, ili akisema asiaminiwe."

Siku nne tu! Walaaniwe!

Ameacha mjane, Ardis, binti, Marlys, wajukuu wawili, na dada yake, Verna. Mchungaji, familia ina ombi moja. Leo mezani pa Bwana, kikombe chake kiwekwe pamoja na vyetu, na safari hii kitiwe divai. Apumzike sasa, kwa amani tuliyomnyima.