Ng'ombe wa Walungu Hawakutajwa Kinshasa

Pembeni mwa soko la Nyawera, mjini, mashariki mwa Zaïre, kulikuwa na duka lisilouza kitu. Mwenyewe wa kwanza, Mgiriki mmoja, alinyang'anywa wakati wa zaïrianisation, serikali ilipogawa maduka ya wageni kwa wananchi. Wa pili, mwananchi halisi mwenye abacost ya kijivu, ile suti ya wakubwa isiyovaliwa tai, aliuza bidhaa, kisha akauza rafu, kisha milango, mwisho akatangaza kwamba biashara ni ngumu. Kilichobaki ni baraza na ubao mmoja mrefu wa kukalia, na juu ya ubao huo, kila asubuhi, Zaïre nzima iliongozwa vizuri kuliko ilivyoongozwa Kinshasa. Séraphine, mjane aliyeuza pale kahawa ya tangawizi, alikuwa amewazoea wateja wake watatu wa ubao ule: walitengeneza barabara, wakashusha bei ya chumvi, wakafukuza mawaziri, yote kabla ya kikombe cha pili. Mguu wa ubao uliokuwa ukiyumba, hakuna aliyeutengeneza.

Asubuhi ile lakini hakuwa na hamu ya kucheka. Ng'ombe wake mmoja tu, Nyange, alikuwa mlimani, huko Walungu, kwa shemeji yake, akingojea Pasaka apelekwe kwa wakwe kuwa mahari ya Honoré, mwanawe. Na Walungu ng'ombe walikuwa wakifa kwa homa ya kupe. Lile shimo la dawa, dipping, ambamo ng'ombe waliogeshwa kila juma, lilikuwa kavu mwaka mzima. Vyura tu ndio walioogelea humo, mvua ikinyesha. Ndiyo maana miezi miwili nyuma kijiwe kizima kilikaa kikamwandikia barua Commissaire du peuple wao, mbunge waliyemchagua kwa nyimbo na majani ya migomba. Na jana, siku ambayo waziri wa kilimo aliulizwa maswali mbele ya baraza la kutunga sheria juu ya afya ya mifugo, mbunge alisimama kweli. Redio ilikoroma sana. Walisikia jina lake. Walisikia akisema, "Nasoma barua ya raia wangu." Halafu mikoromo, halafu makofi marefu, halafu sauti ya waziri, safi kama maji ya mto Ruzizi asubuhi: zone hiyo, yaani wilaya yao, haina shida, dawa ya kupe iende mkoa wa Haut-Zaïre.

— Haina shida! alipiga kelele Modeste, fundi viatu, ambaye walimwita Haut-parleur, kipaza sauti, kwa kuwa kunong'ona kulimshinda tangu utotoni. Siye! Haina shida! Maman Séra, uniongezee kahawa, roho inaniuma.

— Roho yako ilishakunywa vikombe viwili.

— Ni roho kubwa. Mimi nitawaambia kilichotokea. Mutu wetu alisoma muzuri. Alipofika kwa kupe, bakakata micro. Kac! Njo ile mikoromo tulisikia. Wazee walisema: mchimba kisima huingia mwenyewe.

— Sasa kisima kinafanya nini mu micro? aliuliza Séraphine.

— Ni methali, Maman. Methali haiulizwi.

Ignace akakohoa. Huyu alifagia maabara moja kule Lwiro kwa miezi minane, akatoka na koti jeupe lisilo na vifungo na jina la Docteur.

— Modeste anasema kama mutu asiyesoma, alisema. Siye kwa Lwiro tulichunguza kupe. Kupe iko na miguu munane. Minane! Wewe uko na ngapi?

— Mbili, Docteur.

— Basi nani anatangulia kufika? Mbunge alikuya huku wakati wa Noëli, akaingia mu malisho kupigwa foto na ng'ombe. Kupe moja ikapanda mu abacost. Ikachukua ndege naye pale Kavumu. Kule Kinshasa, siku ya kusoma, ikamuuma hapa, nyuma ya sikio. Homa! Mutu mwenye homa anasoma mistari mbili, anaruka tatu.

— Na makofi? aliuliza Modeste.

— Banamupa pole.

Séraphine alimcheka Docteur bila kutaka, kisha akajikasirikia. Alitazama barabara ya juu, ile inayoleta malori ya Walungu.

— Muko mbali na siasa, ninyi wote, alisema wa tatu taratibu, akifuta miwani kwa ncha ya shati. Polycarpe alikuwa karani wa zone kwa miaka ishirini na mbili. Hata salamu zake zilikuwa na muhuri, wakamwita Protocole. Akaendelea: mambo iko hivi. Kule Kinshasa banakunywa maziwa ya unga. Maziwa inatoka mu kopo, kopo inatoka mu bateau, kule baharini. Ukimwambia waziri "ng'ombe", anafikiri ni cheo. Ukimwambia ng'ombe bamekufa, anauliza: nani atachukua nafasi yao?

— Eeeh! Hapo umesema! Modeste alisimama, ubao ukayumba, kahawa ya Ignace ikamwagika kwenye koti jeupe. Tena mimi nasema zaidi. Ule haikukuwa yeye! Banamufungia mu hoteli, banaweka mutu mwingine wa sauti yake. Bako na watu wa kuiga sauti pale, bengi, kila région na wake!

— Mutu wa sauti ya mbunge wetu? alisema Séraphine. Mbunge mwenyewe tulimusikia mara moja tu, siku ya kampeni, na siku ile alikuwa na mafua.

— Njo vile! Ni rahisi kumuiga. Damu ni nzito kuliko maji!

Lori la makaa likasimama kwa kupiga honi. Kutoka juu ya magunia akashuka mwanamke, uso mweusi kwa vumbi la makaa, kitenge kimelowa hadi magotini. Séraphine alimtambua kabla hajageuka: Godelive, mke wa shemeji yake, ambaye mjini huja kwa mazishi na kwa Krismasi tu. Ile haikuwa Krismasi.

— Nyange yuko mzima? aliuliza Séraphine. Hata salamu aliisahau.

— Amesimama bado. Ila tangu juzi hacheui. Chini ya sikio amevimba, hivi. Godelive alionyesha ngumi yake. Ya jirani Bisimwa ilianza hivyo, siku ya tano tukaizika.

Wanaume walinyanyuka haraka. Walimsogezea nafasi, Séraphine akampa kikombe, lakini Godelive hakukaa.

— Kule mlimani banasema ninyi wa mjini muliandika barua. Banasema mbunge aliisoma yote mbele ya wakubwa, na waziri akasema siye tuko wazima. Mimi sikusoma, ba papa, munisamehe. Nilitumwa niulize neno moja. Mu ile barua, kupe iko mustari wa ngapi?

— Swali dogo! Polycarpe alichangamka. Karani wa kweli hatumi barua bila kubakisha nakala ya karbon; akaitoa mfukoni, imekunjwa mara nne. Sikiliza, Maman. Utaisikia mwenyewe.

Akaweka miwani. Akasoma jinsi raia wa zone, wakubwa kwa wadogo, kwa furaha isiyo na kifani, wanavyomsalimu mwana wa nchi. Akasoma shukrani kwa Chama na kwa Kiongozi wake, mistari sita, yenye majina yote.

— Bado, alisema Godelive.

Akasoma pongezi za mafundi viatu wote wa Nyawera, ambazo Modeste alizidai siku ile kwa kelele mpaka zikaingia. Akasoma sentensi ya Ignace juu ya sayansi kama taa ya maendeleo.

— Bado.

Akasoma mistari miwili ya kumwombea mama mkwe wa mbunge apone goti. Séraphine akahisi masikio yake yanawaka. Mistari ile ilikuwa yake. Ndiye aliyesema siku ile: weka na hii, Papa Protocole, mtu hulainika akikumbukwa wakwe zake.

— "Na kwa kuwa afya ya mifugo ni afya ya taifa," alisoma Polycarpe, na sauti ikapanda, "tunabaki, Citoyen Commissaire du peuple, raia wako watiifu." Halafu sahihi.

— Halafu?

— Halafu... sahihi, Maman.

— Kupe iko mustari wa ngapi?

Polycarpe aligeuza karatasi. Nyuma ilikuwa nyeupe. Modeste aliangalia viatu vyake kana kwamba ameletewa vya kutengeneza. Ignace alikwaruza doa la kahawa. Basi waziri alikuwa amejibu kile alichosomewa, na mbunge alikuwa ameinua sauti yake na kufikisha Kinshasa, bila kupoteza hata koma moja, goti la mama mkwe wake.

— Karatasi iliisha, alisema Polycarpe mwishowe, polepole, kama mtoto. Na mkubwa huwezi kumuanzia na kupe. Kwanza salamu.

— Salamu alishapata, alisema Séraphine. Alifuta ubao kwa kitenge chake, akaulaza ule upande mweupe wa karatasi mbele ya karani. Session ya wabunge inaisha Ijumaa. Kesho kuna sister wa paroisse anapanda ndege ya Kinshasa. Andika.

Polycarpe alichukua kalamu yake ya bic, akainama, na mkono wake wa miaka ishirini na mbili ukaanza wenyewe: Ni kwa furaha...

Séraphine aliweka kiganja juu ya neno.

— Futa furaha.

— Bila salamu kabisa? Bila hata Citoyen?

— Andika: Ng'ombe wanakufa. Halafu Godelive atakuambia ya nani, na kilima gani.

Akaandika. Yalikuwa maneno mawili peke yake juu ya karatasi, uchi, na Polycarpe akayatazama kwa haya. Godelive sasa alikaa. Alihesabu kwa vidole vyenye makaa: ya Bisimwa, mbili na ndama. Ya Constance, moja. Ya catéchiste, tatu. Polycarpe alipiga mstari katikati ya ukurasa, kushoto waliokufa, kulia wagonjwa, na kwa mara ya kwanza tangu kijiwe kianze hakuna aliyemkata mwenzake neno. Hata Haut-parleur alinong'ona, akimkumbusha Godelive nyumba moja ya karibu na kanisa.

Dereva wa lori alipiga honi. Makaa yalikwisha kushushwa, anarudi mlimani.

— Na huyu Nyange? aliuliza Polycarpe, bic hewani. Mpaka barua ifike, Maman Séra... Nimuweke upande gani?

Séraphine alitazama karatasi, safu ya kushoto iliyokwisha kurefuka, na ile ya kulia.

— Andika jina, alisema. Upande, acha nafasi.