Rumonge ya Gervais Kwenye Runinga ya Chogo

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti. Leo tunamkumbuka Gervais, Gervais wa banda la gemu pale Misunkumilo, hapa hapa Mpanda. Wengi wenu mlikalia benchi lake. Mwezi uliopita tulimzika.

Gervais alizaliwa Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi. Wazazi wake walikimbia Burundi mwaka sabini na mbili. Mama yake alitoka Rumonge, kando ya ziwa, na hakurudi tena. Alibaki kumsimulia mwanawe tu.

Gemu za mpira ndizo zilizomlisha Gervais. Lakini kwenye kona, kwenye runinga ya chogo, palikuwa na gemu moja ya zamani. Kijana na upanga wake anazunguka nchi nzima. Maandishi yote ya Kijapani. Mpanda hii nani anakisoma? Basi Gervais akawa anatunga hadithi mwenyewe, kwa Kiswahili, na Kirundi akinogewa. Masalu, mteja wake wa miaka mingi, anasema: "Sisi tuliamini ndivyo ilivyoandikwa. Siku moja yule mzee wa darajani ni mjomba, kesho yake ni mwizi."

Katikati ya safari hiyo kulikuwa na kijiji. Nyumba zimechorwa kwa mkono, moshi unatoka jikoni, nyuma yake ziwa. Na filimbi inalia taratibu. Gervais akakiita Rumonge. Akasimamisha safari hapo, akaihifadhi, hakutaka kuimaliza. Kila jioni kabla ya kufunga banda, aliwasha, akakaa, akasikiliza. Mkewe, Séverine, alimtania: "Baba Aline, huko ukweni kwangu unahamia lini?" Gervais alicheka tu.

Kisha figo zikamlaza hospitali. Jioni moja akapiga simu nyumbani. "Mama Aline, nenda bandani. Niwashie Rumonge nisikie."

Séverine hakuwahi kushika pedi ya kuchezea gemu. Akawasha, simu kaiweka kando ya spika. Runinga ikauliza jambo kwa Kijapani. Akabonyeza kukubali, maana aliona wateja wakibonyeza hivyo. Ikauliza tena. Akakubali tena. Kumbe ilikuwa inauliza kama ifute. Safari yote ikafutika, na Rumonge ikaenda nayo.

Zikalia ngoma. Gervais akazisikia kwenye simu. Halafu akasema, "Hizo ni ngoma za mwanzo. Si neno, Mama Aline. Utaanza tu, utafika."

Kesho yake akafariki.

Séverine aliniambia akilia: "Alitaka kusikia kwao. Mimi nimemfutia." Inauma.

Sasa kila jioni akitoka shambani, Séverine anashika pedi. Ameanza mwanzo. Amefika darajani, amekwama. Wateja wa zamani wanakuja kumwelekeza, lakini kila mmoja ana njia yake, kwa sababu Gervais hakusimulia mara mbili sawasawa. Wanabishana, wanacheka kidogo.

Pole sana Séverine. Pole Aline, na pole kwenu nyote Katumba. Na sisi tuliobaki, tujiulize: yule mtu wetu wa nyumbani, kile anachokisimulia kila siku, tumewahi kukaa tukakisikiliza?

Anayekumbuka njia baada ya daraja, banda liko wazi jioni. Ila ukifika, pedi usiiguse. Mwelekeze tu. Séverine anataka afike Rumonge kwa mkono wake, kisha aongeze sauti ya ile filimbi.