Pipa la Bluu la Mjimwema

Basi lilipotoka Makambako, bibi mmoja aliyeketi mbele yangu, Letisia, alimweleza jirani yake kwamba pipa la plastiki la bluu lililofungwa kwenye keria ni zawadi ya binti yake wa Mjimwema, Njombe, aliyejifungua juzi. "Bomba liko mbali, mwanangu. Akiwa na pipa hatahangaika na maji."

Jirani huyo, Mwanaheri, akauliza amelipata wapi.

"Mahongole. Siku hizi za ruksa, kila mtu anauza atakacho, mapipa yamejaa tele."

"Mama, mume wangu ndiye aliyeyaleta kwa lori kutoka bandarini. Aliambiwa ni rangi iliyoharibika. Kumbe ni sumu ya viwanda vya Ulaya. Tajiri wake alilipwa aimwage bondeni, kisha akauza mapipa."

"Hili nimelisugua kwa majivu."

"Halitakati, mama. Huyo mume wangu amelazwa Njombe, mikono imebabuka, namlisha uji kama mtoto."

Letisia alishikilia kwamba majivu hayashindwi na uchafu wowote, Mwanaheri akashikilia kwamba hii sumu ni nyingine. Walibishana kwa upole hivyo njia nzima, nami nikajifanya nimesinzia. Karibu na stendi ya Njombe, nilimwona bibi amemshika mwenzake mkono.

"Uji wa ulezi anaupenda?"

"Anaupenda sana."

"Basi kesho nitamletea."

Basi liliposimama, utingo alishusha pipa, akauliza ni la nani.

"Langu," alisema Letisia. "Una kisu, baba? Litoboe kitako, asije mtu akawekea maji."