Arvilla Aliyezikwa na Wimbo

Wapendwa waombolezaji, nanyi majirani mlioacha shughuli zenu kuja kumsitiri mama yetu, Arvilla Prater alizaliwa tarehe 3 Machi 1938 katika bonde la Caney Lick, Kentucky mashariki, mtoto wa tano wa mzee Hobart Ousley, mchimba makaa, akasoma hapo hapo bondeni hadi darasa la nane, mwaka 1952, kisha akawa mpishi wa shule kwa miaka thelathini na mmoja, watoto wakimwogopa kuliko mwalimu mkuu.

Tarehe 16 Juni 1957 alifunga ndoa na Delmer Prater, mpiga gitaa, wakajaliwa watoto watatu, Wilma, Roscoe na Jewell.

Sasa tuuseme ukweli wa ule wimbo. Mwaka 1966 Delmer alitunga habari za mke anayempelekea mumewe chakula mgodini, na kwa kuwa huku milimani wimbo bila maiti watu huona haujaisha, ubeti wa mwisho akamzamisha mtoni, tena kwa jina lake kamili, Arvilla Prater. Redio zikaupiga nchi nzima, wenye studio wakamsihi asiseme mkewe yu hai, naye, aibu yake, akanyamaza. Basi kila Mei, siku ya kupamba makaburi, wageni walikuja na maua wakiulizia kaburi la Arvilla, mwenyewe kajifungia jikoni, na wanawake wakamwandikia Delmer barua za uchumba, akazijibu Arvilla: "Pole dada, nafasi bado ina mtu." Alitania hivyo, lakini ilimuuma, hata akamwambia mumewe, "Delmer, umenizika na unga mikononi. Nifufue, au narudi kwetu."

Tarehe 30 Mei 1971, pale makaburini, mbele ya umati, Delmer alimshika mkono akasema, "Jamani, niliongopa. Huyu hapa." Bibi mmoja wa Ohio akamsukumia shada lake, "We mama! Nimekulilia miaka mitano!" wakaangua kicheko wote, na Arvilla akacheka hadi akakaa chini. Delmer hakuuimba tena ubeti ule hadi alipofariki mwaka 2003.

Mama alianza kuugua figo Novemba 2016, akafariki nyumbani tarehe 9 Aprili 2017, mikononi mwa Wilma, bila maumivu, nasi kwa hilo tumepumua.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mlioleta vyakula, wapishi wenzake, na waumini wa kanisa lake. Nanyi mliokuja na maua kwa ajili ya wimbo, karibuni myaweke, leo hamkupotea njia.

Lala salama, mama. Safari hii hakuna aliyeongopa.